Damu Yako Ni Ngapi?

Mama mjamzito anayetoka kliniki huko Mghange, juu kwenye milima ya Taita, hurudi na kijitabu chake cha mama na mtoto. Ndani yake, kwenye safu ya vipimo, mna nambari ambayo wakwe na majirani watamuuliza kabla hajatua mkoba: damu ni ngapi? Tuseme ni 11.4. Siku hiyo hiyo mwenzake aliyepimwa Voi, kule chini kando ya reli, naye ameandikiwa 11.4. Wote wawili wamo katika miezi mitatu ya kwanza ya ujauzito. Ukiyatazama makaratasi tu, utasema hali zao ni moja.

Sivyo. Mahali pa juu hewa ni nyepesi, na mwili hutengeneza hemoglobini zaidi ili kufidia oksijeni inayokosekana. Kwa hiyo mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2024 unataka nambari ipunguzwe kwanza kulingana na mwinuko, ndipo ilinganishwe na kiwango cha gramu 11 kwa desilita. Kwa mwinuko wa mita 500 hadi 999, ambamo Voi imo, hutolewa 0.4. Kwa mita 1,500 hadi 1,999 hutolewa 1.1. Mama wa Voi anabaki na 11.0, juu ya mstari wenyewe, na hahesabiwi kuwa na upungufu wa damu. Wa milimani, ikiwa nyumba yake imepita mita 1,500, anabaki na 10.3, na huyo anahitaji kufuatiliwa. Jedwali la zamani lilianza kupunguza kuanzia mita 1,000 tu, tena kwa kiasi kidogo zaidi, kwa hiyo Voi haikuguswa kabisa.

Nambari hiyo ndogo ina historia ndefu, na kipande chake kizuri kiliandikwa katika kaunti hii hii ya Taita Taveta.

Kinachopimwa ni protini yenye chuma iliyojaa ndani ya chembe nyekundu, ile inayobeba oksijeni kutoka mapafuni. Mjerumani Felix Hoppe-Seyler aliipa jina la hemoglobini mwaka 1864. Damu ina protini nyingi, lakini hii ina bahati ya pekee: inaonekana. Albumini haina rangi, kingamwili hazina rangi, homoni hazina rangi. Hemoglobini ni nyekundu, na nguvu ya wekundu wake hufuata wingi wake. Ndiyo maana iliweza kupimwa karibu karne nzima kabla ya wenzake walio adimu. Daktari mwenye jicho zima, mwanga wa dirisha na kitu cha kulinganishia rangi alikuwa tayari na maabara.

Mwaka 1878 daktari wa London, William Gowers, alitengeneza chombo cha mirija miwili. Mmoja ulikuwa na jelatini iliyotiwa rangi ifanane na damu iliyozimuliwa, na mwingine ulipokea damu ya mgonjwa, ambayo iliongezwa maji tone kwa tone mpaka rangi zikalingana. Maji mengi yalimaanisha damu nzito. Mwaka 1900 Theodor Tallqvist wa Helsinki akarahisisha zaidi. Alitoa kijitabu chenye kurasa za karatasi ya kufyonza na kipande cha rangi kumi, kutoka wekundu uliofifia wa asilimia 10 hadi ule uliokolea wa asilimia 100. Unachoma kidole, unadondosha tone, unangoja lipoteze mng'ao, unalinganisha. Karatasi ya Tallqvist ilikuwa rahisi na ilibebeka mfukoni, lakini ilidanganya vibaya. Tone likikauka, rangi ilibadilika. Ukisoma kwa taa ya mafuta badala ya jua, ilibadilika tena.

Chombo kilichotamba sana hospitalini ni kile cha Hermann Sahli wa Bern, Uswisi, kilichotoka mwaka 1902. Wataalamu wa maabara waliostaafu wanakikumbuka kama wanavyokumbuka sare zao. Sanduku dogo lilikuwa na vioo viwili vya rangi ya kahawia, na katikati yake nafasi ya mrija wenye alama. Mtaalamu alitia asidi ya hidrokloriki mpaka alama ya chini. Akachoma kidole, akafyonza damu kwa mdomo kupitia mpira uliounganishwa na bomba jembamba la kioo, akasimama kwenye mstari wa mikrolita 20 bila kupitisha. Akapangusa ncha kwa nje, maana damu iliyoganda hapo ingeongeza kipimo, kisha akaipuliza taratibu ndani ya asidi. Wekundu uligeuka kahawia. Hapo alipaswa kusubiri dakika kadhaa, na foleni ikiwa ndefu, dakika hizo ndizo zilizoibwa kwanza. Baada ya hapo maji yaliyosafishwa, tone, koroga; tone, koroga; mpaka mrija na vioo vya pembeni vikafanana mbele ya dirisha.

Macho mawili hayakukubaliana kila mara. Tatizo baya zaidi lilikuwa kwenye hesabu. Majibu yalitolewa kwa asilimia, lakini asilimia ya nini? Katika kipimo cha awali cha Sahli, 100 ilimaanisha gramu 17.3 kwa desilita. Katika kile cha Mwingereza John Haldane cha mwaka 1901, 100 ilikuwa gramu 13.8. Mgonjwa wa asilimia 60 katika chombo cha kwanza alikuwa na gramu 10.4, katika cha pili, gramu 8.3. Mmoja ni mtu anayetembea akichoka mlimani, mwingine anakaribia kulazwa. Ripoti za zamani za kitabibu zinazotaja asilimia bila kutaja chombo hazina budi kusomwa kwa tahadhari, na ni nyingi.

Uchunguzi wa dhati wa upungufu wa damu nchini Kenya ulishika kasi baada ya Vita Vikuu vya Pili. Henry Foy na Athena Kondi, waliokuwa wakichunguza malaria huko Ugiriki, walihamia Nairobi na kufanya kazi katika maabara za utafiti za Wellcome Trust. Walitaka kujua kwa nini damu za watu wa nchi za joto zilikuwa nyepesi. Wakati huo dhana ya kawaida miongoni mwa Wazungu ilikuwa kwamba ni lishe tu, au hata kwamba ndivyo Mwafrika alivyo. Foy na Kondi walitumia chuma na kromiamu zenye mnururisho kufuatilia damu inayopotelea tumboni kwa wenye safura. Mnyoo mmoja wa safura wa aina ya Necator hunyonya takriban mililita 0.03 kwa siku, na wa aina ya Ancylostoma karibu mara tano ya hiyo. Minyoo ikifika mia kadhaa, kila mwezi mwili unapoteza damu ya kikombe kizima au zaidi, pamoja na chuma chake, na hakuna sufuria ya maharagwe inayoweza kurudisha yote.

Lakini Taveta ndiko swali lilipopata jibu la aina nyingine.

Kati ya mwaka 1954 na 1959 Taasisi ya Malaria ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Amani kwenye milima ya Usambara na kuongozwa na Bagster Wilson, iliendesha Mradi wa Malaria wa Pare-Taveta. Eneo lilivuka mpaka: upande wa Tanganyika lilichukua Pare Kusini, upande wa Kenya tarafa ya Taveta, yenye chemchemi, mito, mashamba ya mkonge na nyumba zilizosogea majini. Malaria ilikuwa sehemu ya maisha ya kila siku huko. Wapulizaji walipita nyumba kwa nyumba wakinyunyizia kuta za ndani dawa ya dieldrini, na kurudia kila baada ya miezi kadhaa. Wataalamu walihesabu mbu, wakakagua bandama za watoto, wakatafuta vimelea vya malaria katika damu. Mbu wa jamii ya funestus karibu watoweke, na maambukizi yakashuka sana bila kukatika kabisa.

Katika timu hiyo alikuwamo daktari C. C. Draper. Yeye alipima pia hemoglobini, na mwaka 1960 jarida la madaktari wa Uingereza, British Medical Journal, lilichapisha makala yake kuhusu athari ya kudhibiti malaria kwa viwango vya hemoglobini. Kuta zilipopuliziwa, damu za watu zilipanda. Chakula kilikuwa kile kile, mashamba yale yale, minyoo ile ile. Kilichoondolewa kwa kiasi kikubwa ni mbu. Kwa watu wa Taveta huenda halikuwa jambo la kushangaza. Mama yeyote aliyemuuguza mtoto mwenye homa za kurudiarudia alijua jinsi viganja vinavyopauka. Kwa sera za afya lilikuwa jambo kubwa, kwa sababu sasa palikuwa na kipimo: idadi kubwa ya watu waliokuwa wakiitwa wenye lishe duni walikuwa, kwa sehemu isiyo ndogo, wagonjwa wa malaria wasiojua. Kupulizia kulisimama mwaka 1959, wataalamu wakaendelea kufuatilia vifo na uzazi katika vijiji hivyo kwa miaka mingine kadhaa, na malaria ikajirudia polepole.

Kazi ya namna hiyo isingekuwa na maana kama kila hospitali ingeendelea na asilimia zake. Suluhisho lilikuwa limeshapatikana Pennsylvania, Marekani, ambako katika miaka ya 1930 David Drabkin na mwenzake J. Harold Austin walichanganya damu na kimiminika chenye ferisayanidi na sayanidi. Karibu kila aina ya hemoglobini ikageuka kuwa kitu kimoja kilichotulia, ambacho fotometa inaweza kukisoma kwenye mwanga wa nanomita 540. Jicho la binadamu likaondolewa kazini. Katikati ya miaka ya 1960 kamati ya kimataifa ya wataalamu wa damu iliipitisha njia hiyo kuwa ya rejea, na kutoka hapo gramu 11 za Taveta zikawa gramu 11 za Tokyo. Mikrolita 20 za damu ndani ya mililita 5 za dawa, basi. Sayanidi iliyomo kwenye mrija mmoja ni kidogo mno, lakini kusafirisha chupa ya unga wake kwa matatu hadi zahanati ya mlimani ni jambo ambalo hakuna afisa wa afya ambaye angependa kulitia sahihi.

Kwa vituo vidogo, ukombozi ulikuja miaka ya 1980 kutoka Sweden: mashine ya HemoCue, inayokaa mkononi na kutumia betri. Dawa zake zimekaushwa ndani ya kikuveti cha plastiki chenye upana wa kucha. Unachoma kidole, unapangusa matone ya kwanza, unagusisha ncha ya kikuveti kwenye tone linalofuata, nacho kinajijaza chenyewe kwa mikrolita 10. Chini ya dakika moja nambari iko kwenye kioo. Tafiti za afya za kitaifa katika nchi nyingi za Afrika, Tanzania na Uganda zikiwemo, zimetegemea kifaa hicho. Kina maradhi yake. Kopo la vikuveti likiachwa wazi penye unyevu, kama ule wa ukungu wa asubuhi milimani, dawa zinaharibika. Na mpimaji akikikamua kidole kisichotoa damu, maji ya mwilini huchanganyika na tone, nambari inashuka, na mtu mwenye afya anarudi nyumbani na upungufu asiokuwa nao.

Kwenye kambi za kuchangia damu kuna njia ya zamani zaidi na ya bei nafuu: mrututu. Tone la damu hudondoshwa kwenye maji ya mrututu yaliyopimwa uzito wake. Likizama ndani ya sekunde 15, mchangiaji ana gramu 12.5 au zaidi na anaruhusiwa. Likielea, anaambiwa akale vizuri arudi siku nyingine. Na mwaka 1995 WHO iliirudia hata karatasi ya Tallqvist: kipande chenye rangi sita, kutoka gramu 4 hadi 14, na karatasi maalumu ya kufyonza. Wataalamu waliijaribu kwa watoto wadogo Zanzibar wakaona inasaidia mahali ambapo kingine chochote hakipo. Baada ya karne moja wazo la Mfini huyo lilikuwa bado na kazi.

Mpaka hapo vipimo vyote vinajibu swali moja tu: hemoglobini ni kiasi gani? Havisemi kwa nini imepungua. Yaweza kuwa chuma kimekwisha, malaria inapasua chembe, selimundu, minyoo, au maambukizi yaliyokificha mwilini chuma ambacho kipo. Jibu la kwa nini lilihitaji protini nyingine, isiyoonekana.

Hiyo ni feritini, ghala la chuma. Vilém Laufberger wa Chekoslovakia aliitenga kutoka bandama ya farasi mwaka 1937, na kwa miaka mingi iliaminika kwamba haitoki nje ya seli. Inatoka, ila kidogo sana. Damu ya mtu mzima mwenye afya ina gramu 130 hivi za hemoglobini katika kila lita. Feritini ikishuka chini ya mikrogramu 15 tu kwa lita, ghala linahesabiwa tupu. Tofauti ni zaidi ya mara milioni nane. Hakuna jicho wala fotometa ya kawaida itakayoiona. Mwaka 1972 G. M. Addison na wenzake huko Cardiff, Wales, walitumia kingamwili zilizotiwa mnururisho: kingamwili hunasa feritini peke yake, kisha kinachopimwa ni mnururisho ulionaswa. Baadaye vimeng'enya vinavyobadilisha rangi vilichukua nafasi ya mnururisho, na rangi ikarudi maabara kwa mlango wa nyuma. Kwa mtu mzima, kila mikrogramu moja ya feritini kwa lita huashiria takriban miligramu 8 za chuma kilichohifadhiwa. Kwa mara ya kwanza ghala la chuma lingeweza kukaguliwa bila kutoboa mfupa ili kuchukua uboho.

Umuhimu wa kujua nani hana chuma na nani anacho ulidhihirika kwa uchungu kisiwani Pemba. Kuanzia mwaka 2002 watoto wa chini ya miaka mitatu zaidi ya 24,000 waligawanywa katika makundi ya utafiti, baadhi wakipewa chuma na asidi ya foliki kila siku. Mwaka uliofuata sehemu ya chuma ilisitishwa. Waliopewa chuma walikuwa na hatari ya kufa au kulazwa hospitalini iliyozidi ya wenzao kwa asilimia 12. Lakini kundi dogo lililochunguzwa kwa karibu zaidi lilionyesha kitu kingine: watoto waliokuwa na upungufu wa chuma pamoja na upungufu wa damu tangu mwanzo walinufaika. Matokeo yalipochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2006, yalibadilisha ushauri wa dunia kuhusu kugawa chuma kwa watoto wa sehemu zenye malaria.

Feritini nayo ina hila. Mwili ukipambana na maambukizi, huipandisha, hata kama ghala liko tupu. Mtoto wa Taveta mwenye malaria anaweza kuonyesha mikrogramu 25, akapita mstari wa 12 wa watoto chini ya miaka mitano, kumbe hana chuma. Kwa sababu hiyo WHO mwaka 2020 ilipendekeza mstari wa 30 kwa watoto wa umri huo wenye maambukizi, na kupimwa kwa protini nyingine zinazopanda wakati wa homa ili kujua feritini isomwe vipi. Hemoglobini ilitaka ifasiriwe na feritini, na feritini sasa inataka mkalimani wake.

Mwaka 2021 watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust huko Kilifi, wakiwemo John Muriuki na Sarah Atkinson, walichapisha katika Nature Medicine kazi iliyogusa moja kwa moja kile alichokiona Draper. Walitumia werevu wa kimaumbile. Mtoto aliyerithi jeni moja ya selimundu hukingwa kiasi dhidi ya malaria kali. Ikiwa malaria ndiyo inayoleta upungufu wa chuma, basi mtoto huyo anapaswa kuwa na upungufu mdogo zaidi. Ikiwa siyo, jeni hiyo haitaleta tofauti. Katika maeneo yenye malaria, tofauti ilionekana. Mwili unaopigana na vimelea huzalisha hepsidini, homoni inayofunga mlango wa chuma tumboni, na mtoto anayeugua mara kwa mara hukaa na mlango huo umefungwa muda mrefu.

Draper hakuwa na namna ya kuligundua hilo. Alikuwa na hemoglobini peke yake, na njia ya Cardiff ilikuwa bado miaka kumi na miwili mbele. Katika utafiti wa kitaifa wa virutubisho wa Kenya wa mwaka 2011, asilimia 41.6 ya wajawazito na asilimia 26.3 ya watoto wa miezi 6 hadi 59 walikutwa na upungufu wa damu, na safari hiyo feritini ilipimwa pamoja na hemoglobini. Katika kliniki za kawaida hali ni tofauti: feritini inahitaji maabara kubwa, kwa hiyo mjamzito nchini kwa kawaida hupewa tembe moja kwa siku yenye miligramu 60 za chuma na mikrogramu 400 za asidi ya foliki, pamoja na chandarua chenye dawa katika kaunti zenye malaria, bila kusubiri ghala lake likaguliwe.